Bao la mvule, Mji wa Kale: nyota nne

Nimelinunua kwa fundi mmoja karibu na Fort Jesus. Mvule mzito, mashimo 32 laini, nyumba zote mbili (shimo kuu la kila mchezaji) zimechongwa mraba kama itakiwavyo. Kete ni komwe halisi, ila chache kubwa mno, zaponyoka mtu akisambaza upesi. Nyota moja imekwenda hapo.

Ami yangu (hodari wa baraza, kumfunga ni kazi) ashikilia kwamba maisha ni bao, sheria tumezikuta na Mwenyewe ndiye aliyezipanga. Mie nabisha. Baoni kila mtu huanza na kete 32: kumi mashimoni, 22 mkononi. Kwetu Majengo, nani kagawiwa sawa na jirani wa Nyali kwa matajiri?

Bei mwombeni fundi apunguze. Kwangu alikubali nilipoongeza mfuko wa kete.