Kabla ya kurudi masafa mafupi, fungua kifuniko cha betri

Nilirudi kusikiliza redio za masafa mafupi (shortwave) baada ya miaka mingi, nikachemsha siku ya kwanza tu. Nilinunua redio nzuri machoni, kioo kinang'aa, lakini betri imefungiwa ndani haitoki. Betri ikafa. Nikasema si neno, nitasikiliza ikiwa kwenye chaja. Loo! Bendi yote ya mita 31, kipande kimoja cha masafa mafupi chenye stesheni nyingi, ikavuma kama mzinga wa nyuki. Chaja za siku hizi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na uchafu wake huangukia hukohuko tunakotafuta stesheni.

Redio hizi husikilizwa kwa betri. Kwa hiyo habari za spika na rangi watakueleza wengine. Mimi nauliza: inakula betri gani, na ikifa napata wapi nyingine?

Ya kwanza ni Tecsun PL-680, na nakiri naipendelea waziwazi. Inatumia betri nne za AA. Zikiisha katikati ya taarifa ya habari, unapora mbili za rimoti na moja ya saa ya ukutani. Ya nne muombe jirani. Halafu ina sinki (sync): stesheni ikififia na kurudi, redio hujitengenezea wimbi bebezi lake, yaani lile linalobeba sauti, sauti haikwaruzi ovyo. SSB ipo pia, ya kunasia mazungumzo ya waendesha redio wa ridhaa. Dada yake mkubwa, PL-660, ukimpata aliyetumika vizuri usimwache. Sony ICF-SW7600GR nayo hula AA nne na ina sinki, ila haitengenezwi tena, na wenye nazo wanaziuza kama wanauza shamba.

Ya pili, PL-880 ya Tecsun haohao. Sauti yake tamu, kuliko hata ya kipenzi changu. Betri yake ni 18650, seli ya lithiamu ya duara iliyo kubwa kidogo kuliko AA, na inatoka. Tatizo ni wanaoziuza betri hizo. Wanaandika ubavuni mAh 9900 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) bila haya, wakati seli halisi ya ukubwa ule haifiki hata nusu yake. Unalipia namba! XHDATA D-808 inatumia betri hiyohiyo, kwa hiyo jiandae kwa uongo huohuo.

Ya tatu, Tecsun PL-330: inaingia mfukoni, ina SSB, na betri yake ni BL-5C ya simu za Nokia za zamani. Zimejaa kila mahali, na bandia zake pia. Ikianza kuvimba, itoe.

Zile za bei chee zenye "bendi 12"? SW1, SW2, SW3... masafa ni yaleyale, yamekatwa vipande. Pita.

Juzi nilimuuliza muuzaji mmoja wa mtandaoni kama betri ya redio yake inatoka. Akajibu, "Redio nzuri sana, dada." Nikamwomba afungue kifuniko cha nyuma apige picha. Akanitumia picha ileile ya tangazo, safari hii ameikuza.