Uzoefu wangu: Monasteri ya Mount Grace, Uingereza

Anayezuru magofu ya monasteri za Uingereza huzoea kuanza na kanisa, kwa kuwa ndilo lililojengwa ili lionekane kutoka mbali. Mount Grace, iliyo chini ya vilima vya North York Moors karibu na kijiji cha Osmotherley, haifuati desturi hiyo. Kanisa lake ni dogo, na ingawa mnara wake wa karne ya 15 ungali umesimama, kilichonifanya nione kwamba tiketi ilistahili bei yake ni ua mkuu ulio nyuma yake.

Monasteri hii iliasisiwa mwaka 1398 na Thomas Holland, Duke wa Surrey, ambaye baba yake alichangia mama na Mfalme Richard II; miaka miwili baadaye Holland alikatwa kichwa kwa kumwasi Henry IV. Alikuwa ameikabidhi kwa Wakartusi, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Bruno mwaka 1084, ambao huishi kila mtawa peke yake, na ramani nzima ya majengo inatokana na kanuni hiyo. Kuuzunguka ua zimepangwa nyumba ndogo zenye sehemu ya chini na ghorofa moja juu yake, kila moja na bustani yake iliyozungushiwa ukuta. Kando ya mlango kuna kidirisha kilichopindishwa ndani ya ukuta, ili mleta chakula na mpokeaji wasionane.

Nyumba mojawapo ilijengwa upya na Lowthian Bell, tajiri wa viwanda vya chuma, mwanzoni mwa karne ya 20. Chini mna sebule yenye meko, chumba cha kusomea na cha kulala na kusali. Juu ni mahali pa kazi za mikono. Maji ya chemchemi za mlimani yaliletwa kwa mabomba hadi kila nyumba, na choo kilichokuwa mwisho wa bustani kilisafishwa na maji yanayotiririka. Kwa mtu aliyeweka nadhiri ya ufukara, nadhani haya yalikuwa makazi ambayo wakulima wengi wa jirani wangeyatamani.

Mfalme Henry VIII aliifunga monasteri mwaka 1539, na mwaka 1654 Thomas Lascelles akageuza nyumba ya wageni kuwa makazi yake. Ningeshauri magofu yatazamwe kwanza, ndipo mgeni aingie katika nyumba iliyojengwa upya, kwa sababu mashimo na vipande vya kuta alivyovipita vitaeleweka vizuri zaidi akirudi kuvitazama mara ya pili.