Osaka, Septemba 29, 1971: mwezi mzima na kanda ya msikilizaji wa Led Zeppelin

Shemeji yangu anafanya biashara ya magari kutoka Japani, na kila akisafiri huniuliza anibebee nini. Safari iliyopita nilimwandikia kwenye simu mambo matatu tu: jina la bendi, mji na tarehe. Led Zeppelin, ile bendi ya roki ya Uingereza, Osaka, Septemba 29, 1971. Alipofika Tokyo akaenda Nishi-Shinjuku, mtaa unaojulikana kwa maduka ya rekodi zisizo rasmi, akanirudia Dar na kasha lenye diski tatu. Ni mwezi sasa tangu nilifungue na bado sijalirudisha kabatini.

Kwanza nieleze hiki ni kitu gani, maana mtu anaweza kununua akidhani ni albamu ya bendi. Hapana. Ni onyesho zima alilolirekodi mtu aliyekata tiketi kama wengine, akaingia ukumbini na kinasa sauti, akakaa kwenye kiti chake akabonyeza. Jina lake halimo kwenye kasha. Hakuna waya uliotoka kwenye mitambo ya jukwaani, hakuna fundi aliyesawazisha sauti. Kilichofika pale alipokaa ndicho kilichoingia kwenye mkanda, pamoja na makofi ya jirani yake.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Shangazi yangu hakuwa anakwenda harusini bila redio kaseti. Aliiweka mapajani, juu ya khanga aliyoikunja mara nne ili isipokee mtikisiko, kisha akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kurekodi na cha kupiga. Kanda zake za taarab tunazo mpaka leo. Katika moja, fidla inapanda, inapanda, halafu kigelegele kinapasua sikio. Ni yeye mwenyewe. Wimbo ulimkolea akasahau kwamba anarekodi. Nyumbani kila mtu anajua kigelegele kile kinakuja mahali gani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutaka kifutwe.

Basi nimeisikiliza Osaka kwa masikio hayo.

Led Zeppelin walikwenda Japani kwa mara ya kwanza Septemba hiyo. Walipiga katika ukumbi wa Budokan jijini Tokyo tarehe 23 na 24, wakaenda Hiroshima tarehe 27 kwa onyesho la kuwachangia waathirika wa bomu la atomiki, wakamalizia Osaka usiku mbili, 28 na 29, katika ukumbi wa Festival Hall. Mwimbaji Robert Plant na mpiga ngoma John Bonham walikuwa na miaka 23, mpiga besi John Paul Jones 25, mpiga gitaa Jimmy Page 27. Albamu yao ya nne ilikuwa bado haijatoka. Ilikuja kutoka Novemba 8, na tarehe hiyo ikumbuke, maana ndiyo siri ya kanda hii.

Onyesho linafunguliwa na "Immigrant Song", na kabla hujavuta pumzi wameshaingia "Heartbreaker" bila kusimama. Sauti ya Plant ya mwaka 1971 ilikuwa bado inafika juu kabisa bila kukwepa, jambo ambalo miaka michache baadaye hakuliweza tena hivyo. Ukisikiliza kwa hedifoni unaisikia ikigonga ukuta wa nyuma na kurudi. Ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya muziki, ukafunguliwa 1958, ukiwa na viti kama 2,700, si uwanja wa michezo. Ndiyo maana kanda ya mtu wa kawaida inasikika hivi. Jengo lenyewe lilifungwa 2008 likabomolewa, na lililopo sasa ni jipya la 2013. Kwa hiyo unaposikia mwangwi ule unasikia kuta ambazo hazipo tena. Hilo peke yake lilinifanya nirudie diski ya kwanza mara tatu usiku wa kwanza.

Kisha inakuja "Stairway to Heaven". Leo wimbo huo ukianza popote duniani, noti chache tu za gitaa zinatosha watu kulipuka. Hapa hakuna anayelipuka. Gitaa linaanza, na ukumbi umetulia kimya. Mtu mmoja anakohoa karibu na maikrofoni, halafu kimya tena. Watu wa Osaka hawaujui! Albamu haijatoka, redioni haupo, hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba wimbo ulioanza taratibu namna hii utaishia na ngoma nzito na gitaa la kulia. Wanausikiliza kama mgeni anavyosikiliza hadithi nyumba ya watu. Bonham anapoingia na ngoma zake unahisi kabisa ukumbi ukijiweka sawa vitini. Nimeusikia wimbo huu maelfu ya mara maishani mwangu, na ni kanda hii iliyonionyesha ulivyokuwa kabla haujawa maarufu. Hakuna rekodi ya studio inayoweza kunipa hicho.

Watu wengi hununua onyesho hili kwa sababu ya sehemu ya katikati, pale wanapokaa chini na magitaa makavu, yasiyo ya umeme. Wanapiga "That's the Way", "Going to California", "Tangerine", halafu "Friends". Hii "Friends" ndiyo mara pekee inayojulikana Led Zeppelin kuupiga wimbo huo mzima jukwaani. Ni wimbo unaopigwa gitaa likiwa limebadilishwa mpangilio wa nyuzi, likalalia kwenye noti ya C, na una mwelekeo wa Mashariki ulio wazi kabisa. Mwaka uliofuata Page na Plant waliurekodi tena Bombay pamoja na wanamuziki wa India. Mimi nimelelewa na taarab, ambayo nayo ilichota mengi kwenye nyimbo za filamu za Kihindi, na gitaa lile linaponing'inia kwenye noti moja bila kutaka kushuka nasikia kitu ninachokijua. Mama yangu, ambaye muziki wa roki huuita kelele, alipita sebuleni akasimama mlangoni. Hakusema kitu. Alisimama mpaka wimbo ukaisha.

Niseme sasa kuhusu sauti, kwa uwazi, kwa kuwa ndipo watu wanapolalamika.

Usiicheze kwenye sabufa ukiwa umeachia besi. Besi ya Jones tayari imevimba kutokana na ukumbi, na ukiiongezea inafunika gitaa lote. Mimi nilipunguza besi karibu yote, nikasogeza spika mbali na ukuta, na hapo ndipo vidole vyake vilipoanza kusikika kimoja kimoja. Sauti ya mwimbaji iko mbele, gitaa liko wazi, matoazi yako mbali kidogo. Mvumo wa mkanda upo mwanzo hadi mwisho. Baada ya dakika kumi sikio linauzoea, kama linavyozoea mvua juu ya bati.

Kuna sehemu zimekatika. Ni kawaida: mkanda una mwisho wake, na mrekodi lazima aubadilishe gizani huku muziki ukiendelea. "Dazed and Confused" pekee unakwenda kama nusu saa, Page akifika mahali anashika upinde wa fidla na kuukwaruza kwenye nyuzi za gitaa. Hebu fikiria mtu amekaa na mashine yake, anaona mkanda unakaribia kwisha na Page bado hajashusha upinde.

Jingine ni spidi. Nilihisi kitu hakiko sawa, nikachukua gitaa langu, nikalipatanisha kwa programu ya simu, nikapiga sambamba na diski. Ya kwanza iko juu kidogo, chini ya nusu ya hatua. Ya tatu imepanda zaidi. Nadhani ni betri. Betri ikichoka wakati wa kurekodi, mkanda unapita polepole, na ukiucheza baadaye kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakimbia na kupanda juu. Kanda za shangazi zina ugonjwa huohuo mwishoni mwa kila harusi. Toleo zuri hurekebisha jambo hili kabla ya kuchapwa. Aliyetengeneza toleo langu hakulirekebisha, ila alipata muda wa kusafisha mvumo kupita kiasi kwenye diski ya pili, na matokeo yake matoazi ya Bonham yanasikika kama yamefunikwa na blanketi. Kwenye "Moby Dick", pale Bonham anapoacha vijiti na kupiga ngoma kwa viganja, hilo linauma sana. Nilitaka kusikia ngozi ya mkono kwenye ngozi ya ngoma. Bonham alifariki Septemba 25, 1980, akiwa na miaka 32, na kila nukta ya mikono yake iliyobaki inastahili kuachwa ilivyo. Ningependa mvumo wote ubaki, mikono nayo ibaki.

Kasha nalo lina picha ya Page akiwa na suti yake ya joka, ambayo ni ya miaka ya baadaye. Si kosa kubwa, lakini linakuonyesha kiasi cha uangalifu kilichotumika.

Kuhusu haki: pesa aliyolipa shemeji dukani haikufika kwa bendi. Hilo nalijua na halinipi raha. Meneja wao, Peter Grant, aliwachukia warekodi wa siri kiasi kwamba mwaka huohuo wa 1971, huko Vancouver, kifaa cha kupimia kelele kilivunjwa kwa kudhaniwa ni cha kurekodia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kununua kwanza "How the West Was Won", albamu rasmi iliyotoka 2003. Ni safi, ina nguvu, na pesa inafika panapostahili. Ila ujue imeunganishwa kutoka maonyesho mawili ya California ya Juni 1972. Ni usiku ambao haukuwahi kuwepo hivyo. Osaka ni usiku mmoja kama ulivyokuwa, na kila kikohozi chake.

Mpaka "Rock and Roll" inapopigwa mwishoni, nayo ikiwa bado haijatoka, wale watu waliokaa kimya mwanzoni wamekuwa wengine kabisa. Makofi yanagonga maikrofoni hadi sauti inapasuka. Nina hakika kwamba yule mwenye mashine naye anapiga makofi, kwa sababu sauti inayumba kila baada ya pigo, kama kitu kilichowekwa mapajani.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa ajili ya diski ya pili na spidi, wala si kwa ajili ya mrekodi. Kama una nakala ya usiku huu ambayo haijasafishwa, yenye mvumo wake wote, tafadhali niandikie, nitaigharamia.

Shemeji anaondoka tena mwezi ujao. Safari hii nimemwandikia tarehe 28.