WASTANI_BORA: mihula mitatu na fomula za kujitungia kwenye Google Sheets

Nafundisha hisabati, na kazi ya kujumlisha alama iko mikononi mwangu: wanafunzi 212, majaribio manne kila muhula. Kanuni yetu ni kwamba majaribio matatu bora ndiyo yanayohesabiwa. Aliyekosa jaribio kwa ruhusa huandikiwa R, na jaribio hilo halimhusu. Aliyekosa bila ruhusa, seli yake huachwa tupu, na tupu ni sifuri. Kwa mdomo unaimaliza kwa pumzi moja. Ukiiandika kwa IF ndani ya IF, seli moja inajaa mabano mistari minne, na anayekuja kuikagua anaamua kukuamini tu. Hapo ndipo paliponiudhi. Alama za mtoto hazitakiwi kukaa mahali pasiposomeka.

Kwa hiyo nilihamia kwenye fomula za kujitungia. Ndani ya Google Sheets unafungua menyu ya Viendelezi, kisha Apps Script (sehemu ya kuandikia msimbo), unaandika msimbo wa JavaScript, unahifadhi, unarudi kwenye jedwali na kuiita kwa jina ulilolichagua. Yangu nimeiita kwa Kiswahili, na sasa seli inasema =WASTANI_BORA(C2:F216). Hii hapa nzima:

/**
 * Wastani wa majaribio matatu bora. R ni ruhusa, tupu ni sifuri.
 * @customfunction
 */
function WASTANI_BORA(alama) {
  return alama.map(mstari => {
    const zote = mstari.filter(x => x !== "R").map(x => Number(x) || 0);
    const bora = zote.sort((a, b) => b - a).slice(0, 3);
    if (bora.length === 0) return [""];
    return [bora.reduce((j, x) => j + x, 0) / bora.length];
  });
}

Maelezo yale ya juu yenye @customfunction usiyaruke. Ndiyo yanayofanya jina lijitokeze mtu anapoanza kuandika fomula kwenye seli, likiambatana na sentensi yako ya ufafanuzi, sawasawa na SUM au AVERAGE. Mwalimu mwenzangu ambaye hajawahi kugusa msimbo alielewa kanuni ya R kwa kusoma sentensi hiyo tu.

Na ndiye aliyenusuru muhula wa kwanza. Nilikuwa nimeandika sort(), amri ya kupanga, bila kitu ndani ya mabano, nikageuza mpangilio kwa reverse(), nikaona namba zinatoka, nikaridhika. Yeye akachukua mstari mmoja na kikokotoo. Mwanafunzi alikuwa na 100, 85, 78 na 9. Wastani wa tatu bora ni 87.67, seli ilionyesha 57.33. "Mwalimu, huyu mtoto mia yake imekwenda wapi?" JavaScript isipoelekezwa hupanga namba kama maneno, herufi kwa herufi, na kwa mpangilio huo 9 ni kubwa kuliko 100 kwa sababu tarakimu 9 inakuja baada ya 1. Fomula ilikuwa imetupa mia na kubakiza tisa. Yale (a, b) => b - a unayoyaona hapo juu ndiyo dawa. Alama nyingine nyingi zilikuwa sahihi, maana zote zilikuwa na tarakimu mbili, na ndiyo sababu jicho langu halikuona kitu. Ningekuwa na ile fomula ya mabano mistari minne, asingethubutu kuniuliza.

Jambo la pili la kuzingatia ni mwendo. Mwanzoni niliiweka fomula kwenye kila mstari, seli 212, kila moja ikienda kwenye seva na kurudi peke yake, huku safu nzima ikionyesha kwamba inapakia. Ukiipa kundi zima la seli, inalipokea kama orodha ya mistari, inahesabu mara moja na kumwaga majibu kuelekea chini. Mwito mmoja badala ya 212. Hakikisha tu seli za chini yake ni tupu, la sivyo utapata kosa badala ya majibu. Kila mwito una sekunde 30 za kumaliza; kwa hesabu kama hii hata hutazikaribia.

Fomula ya namna hii hairuhusiwi kubadilisha seli nyingine. Inarudisha jibu pale ilipoitwa na kuendelea kulia na chini, basi. Wapo wanaolalamikia kizuizi hicho. Mimi nakipenda. Najua hakuna fomula itakayochafua safu ya majina kwa siri. Vilevile huwezi kuipa NOW() (saa ya sasa) au RAND() (namba ya bahati nasibu) kama kigezo, yaani kitu cha kuweka ndani ya mabano yake, kwa kuwa inahesabu upya pale tu vigezo vyake vinapobadilika.

Je, lazima uandike msimbo? Mara nyingi hapana. Tangu 2022 Google Sheets ina fomula za kupewa jina, kwenye menyu ya Data: unachukua fomula ya kawaida, unaipa jina na vigezo, na unaweza kuiingiza kwenye faili jingine. Kugeuza alama kuwa asilimia nimekufanya kwa njia hiyo, na sikuhitaji skripti. Excel nayo ina LAMBDA kwa kazi kama hiyo, inayohifadhiwa kwenye orodha ya majina ya faili. Njia ya zamani ya Excel, VBA, ina nguvu, lakini faili lazima lihifadhiwe kwa muundo unaokubali msimbo, kama vile .xlsm, na msimbo huo hauendeshwi kwenye Excel ya kivinjari, kwa hiyo kwa jedwali linalozunguka kwa walimu kadhaa sikuifikiria sana.

Ushauri wangu kwa anayeanza: jaribu fomula ya kupewa jina kwanza. Ukijikuta unarundika masharti hadi hayasomeki tena, kama kanuni yetu ya R, nenda Apps Script bila woga. Mistari yangu ni kumi na miwili ukihesabu maelezo.

Mihula miwili iliyofuata imepita bila alama hata moja kurekebishwa. Juu kabisa ya jedwali, kabla ya jina la mwanafunzi wa kwanza, nimeacha mistari mitatu ya kujaribia fomula: 100, 85, 78, 9; kisha mwenye R mbili; kisha asiye na alama yoyote. Majibu yake nimeyahesabu kwa mkono na kuyaandika pembeni, na kila nikigusa msimbo naanzia hapo. Ule wa kwanza aliuchagua mwenzangu mwenyewe.