Nilikodi droni ya kusaka viota kabla ya kukata nyasi

Alama kwanza, ili mwenye haraka aende zake. Kutafuta viota vyenye mayai: nyota nne kati ya tano. Kulinda makinda wanaotembea: mbili. Shamba la nafaka: usiwaite, utapoteza hela. Jina la kampuni siliandiki, maana huduma za aina hii zinafanana sana na mengi ninayosema yataihusu yoyote utakayoikodi.

Mimi nalima nafaka, na nina mashamba mawili ya nyasi za hei, yaani nyasi za kukausha za kulishia ng'ombe. Hei ina saa yake. Nyasi hukatwa zinapoanza kutoa masuke; ukichelewa, protini inashuka, mashina yanakomaa, na ng'ombe anajaza tumbo bila kupata kitu cha maana. Shida ni kwamba wakati huohuo kwale, ndoero na vipozamataza wako chini humo wanaatamia. Na ndege anayeatamia chini haruki ovyo. Anabana, anatulia, anaacha manyoya yake yafanane na nyasi kavu mpaka mbweha apite. Kwa mbweha mbinu hiyo inafaa. Kwa mashine ya kukatia nyasi inayovutwa na trekta la mwendo, anakatwa pamoja na mayai yake, na dereva hana habari mpaka ageuke aone manyoya kwenye mstari wa nyasi zilizolala.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Wanakuja wawili, rubani na msaidizi. Droni ina kamera ya joto, inapita juu ya shamba mstari kwa mstari, na chochote chenye joto kuliko ardhi kinaonekana kama doa jeupe kwenye skrini. Msaidizi anaelekezwa kwa simu ya upepo aende akathibitishe. Kikiwa kiota kweli, zinachomekwa fito mbili, moja mbele na moja nyuma kwa kufuata njia ya trekta, hatua kadhaa kutoka kwenye mayai. Umbali huo ni wa makusudi. Kunguru ana akili, na akishajua kwamba kila ufito una mayai chini yake utakuwa umemwandalia karamu. Mwishoni unapata ramani kwenye simu yenye nukta za GPS. Ramani ilikuwa safi, dereva wangu aliielewa bila kufundishwa, na yeye si mtu wa simu.

Walichonifurahisha zaidi ni kuhusu jua. Walifika kabla ya mapambazuko, ardhi ikiwa bado baridi, na ndege aliyekaa juu ya mayai alionekana wazi. Jua lilipopanda kidogo, mawe na mabonge ya udongo yalianza kung'aa kwenye skrini, samadi nayo ikawaka kama kiota, na rubani akashusha droni akakataa kuendelea hata nilipomwambia kimebaki kipande kidogo. Alirudi alfajiri nyingine kukimalizia. Kampuni ambayo ingerusha mchana kutwa ili imalize mashamba mengi ingekupa ramani ya mawe. Ukikodi, hilo liwe swali la kwanza: mnakuja saa ngapi?

Sasa malalamiko. Kwenye kipande chenye nyasi nzito zilizolala kwa mvua, waliniandikia "shamba halina kiota". Joto la ndege halipenyi jani. Akiwa amefunikwa na nyasi juu yake, kamera inaona nyasi tu. Dereva alipunguza mwendo kwa hiari yake pale ukingoni na kwale akatoka mbio karibu na tairi; mayai yalikuwapo. Sentensi ya haki ingekuwa "hatukuona kiota", na tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo inayoamua kama dereva ataendesha kwa uangalifu au atakanyaga mafuta. Niliwaambia. Walisema wataibadilisha fomu.

Jambo la pili ni makinda, na hapa ndipo nyota zilipoanguka. Ndege wa chini hawana tabia moja. Ndoero hutaga mayai manne kwa kawaida na kuyaatamia karibu wiki nne, lakini vifaranga wake wakishaangua na kukauka wanaondoka na mama kwa miguu, na watakuwa wanatembea hivyo wiki tano au zaidi kabla ya kuruka. Kipozamataza wa Ulaya ni kinyume: siku kama 11 tu za kuatamia, kisha makinda wanakaa kiotani na kukiacha wakiwa na siku 8 hadi 10, bado hawajui kuruka. Ramani ya alfajiri ni nzuri kwa mayai. Kwa kifaranga wa ndoero imeshachakaa kabla trekta halijawashwa. Na kifaranga akisikia kishindo hulala chini, hakimbii.

Dawa yake inajulikana na haihitaji betri. Anza kukata katikati ya shamba, sogea kuelekea kingo, ili ndege wanaotembea wawe na pa kutorokea. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunazunguka kutoka nje kuingia ndani, mpaka kila kiumbe kinabaki kwenye kisiwa cha mwisho na hicho nacho tunakikata. Huko Uskoti wakulima wameombwa kukata kutoka katikati kwenda nje, na kuchelewa kukata, kwa ajili ya ndege aitwaye Crex crex, ambaye hupenda kutembea ndani ya nyasi kuliko kujitokeza mahali peupe. Kampuni haikunitajia hata neno moja la hayo. Wanauza droni, nawaelewa, lakini ushauri huo ungekuwa ukurasa wa kwanza wa karatasi zao.

Kuhusu visiwa vya nyasi vinavyoachwa kuzunguka kiota: msaidizi alitaka kuacha kipande kidogo sana, eti nisipoteze hei. Kijisitu kidogo kwenye shamba lililonyolewa ni alama ya barabarani kwa mbweha. Niliomba viwe vikubwa na viungane na ukingo panapowezekana. Hei niliyopoteza ilikuwa kidogo kuliko ile inayooza kila mwaka chini ya turubai bovu, kwa hiyo sikulia.

Kwenye nafaka walinishawishi sana, nikakubali kwa kipande kimoja. Hawakukuta kitu, na sishangai. Nafaka iliyopandwa kabla ya baridi inakuwa ndefu na nzito wakati ndege anataka kutaga mara ya pili na ya tatu, hivyo tatizo linaanza kabla ya mashine yoyote: hana pa kutua. Huko Uingereza, shirika la kulinda ndege la RSPB lilinunua shamba la nafaka mwaka 2000, Hope Farm katika Cambridgeshire, na mojawapo ya mambo yaliyojaribiwa huko ni kuacha viraka vitupu ndani ya ngano kwa ajili ya vipozamataza, angalau mita za mraba 16 kila kimoja, viwili kwa hekta. Unainua tu mashine ya kupandia kwa sekunde chache. Kwa kwale wa kijivu, mtafiti Dick Potts alionyesha kwa utafiti wa miaka mingi huko Sussex, Uingereza, kwamba dawa za magugu huua kwa njia ya mzunguko: magugu yakiisha, wadudu wanaoishi juu yake wanaisha, na kifaranga anakosa chakula katika wiki zake za kwanza. Kamera ya joto itamwona kifaranga huyo vizuri kabisa, akiwa na njaa.

Ndiyo maana kile kibao walichonipa cha kutundika getini, "Shamba rafiki kwa ndege", kiko kwenye droo. Kukwepa viota ukitaka kukata nyasi ni jambo moja. Nyasi zenyewe zikilimwa, hakuna cha kukwepa. Kwenye uwanda wa Kinangop nchini Kenya, Macronyx sharpei, ndege wa kifua cha njano asiyepatikana nje ya nchi hiyo, hujenga kwenye vishungi vya nyasi fupi za nyanda za juu, na nyasi hizo zinageuzwa mashamba ya mazao na watu wanaohitaji kula kama mimi na wewe. Umrushie droni ngapi?

Nitawaita tena? Kwa hei, ndiyo, kwa masharti: waje alfajiri ileile trekta linapoingia, si siku iliyotangulia, ripoti iseme walichoona na walichoshindwa kuona, na nyasi zilizolala wazipite kwa miguu, kwa kamba inayoburutwa na watu wawili, hata kama hiyo haimo kwenye tangazo lao. Kwa nafaka nitaachana nao, na mashine ya kupandia nitainua mwenyewe.