Lita 2.7, 2.8 au 4.0: Injini Ipi Inalifaa Gari Kubwa la Familia?

Ndugu watazamaji, karibuni. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Toyota Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 150, lenye viti saba na uzito wa takriban tani mbili kabla abiria wa kwanza hajapanda. Nimelichagua kwa sababu bodi ni ileile, lakini ukifungua boneti unaweza kukuta petroli ya lita 2.7, petroli ya lita 4.0 au dizeli ya lita 2.8, na mnunuzi anayetazama ukubwa peke yake atadhani kwamba ile ya 2.7 na ile ya 2.8 ni pacha.

Si pacha hata kidogo. Ile ya 2.7 ina silinda nne, haina turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na hutoa nguvu farasi zipatazo 163 pamoja na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 246, ambayo haipatikani yote mpaka injini ikaribie mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli ya 2.8, yenye turbo, iliyoanza kufungwa kwenye Prado mwaka 2015, ilikuja na nguvu farasi 177, ziada ya 14 tu. Ila torki yake, kwa gari la gia otomatiki, ni nyutoni-mita 450, nayo yote unaipata kuanzia mizunguko 1,600.

Sasa tuingie barabarani. Viti vyote saba vimejaa, mizigo imebanwa hadi dirisha la nyuma, na mbele yako lori linapanda mlima kwa kujikongoja. Ukikanyaga mafuta katika ile ya 2.7, gia inashuka, kisha inashuka tena, mshale wa mizunguko unapita 4,500, mngurumo unajaa ndani kiasi kwamba mtoto aliyesinzia anaamka, na bado gari linaongeza mwendo taratibu mno hata unaanza kujiuliza kama si busara kurudi nyuma ya lori. Mimi niliwahi kurudi. Katika dizeli gia inashuka mara moja tu, nawe umeshapita.

Hapo ndipo imani ya kwamba injini ndogo hunywa mafuta kidogo inapoyumba, kwa kuwa injini inayokamuliwa muda wote hunywa kuliko tulivyoahidiwa. Nyanda za juu nazo huongeza tatizo: hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia moja kila unapopanda mita 100, hivyo kwenye mwinuko wa mita 2,000 injini isiyo na turbo huwa imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, ilhali yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Ile ya lita 4.0 yenye silinda sita ni tulivu na tamu kuendesha, tena haihangaiki hata ikikokota tela. Kituo cha mafuta tu ndicho kitakachokukumbusha ukubwa wake.

Hata hivyo, dizeli haimfai kila mtu. Matoleo yenye kichujio cha masizi huhitaji safari ndefu ili moshi upate joto la kuyaunguza masizi hayo. Gari linaloishia kupeleka watoto shule na kurudi, dakika kumi kumi, litaziba kichujio mapema. Kwa matumizi hayo, kwenye barabara tambarare, ningenunua ya 2.7 bila kusita, kwani haina turbo wala injekta za shinikizo kubwa za dizeli, na fundi hapati shida nayo. Kwa familia inayosafiri mbali ikiwa imejaa, ningechukua dizeli, hasa iliyoboreshwa mwaka 2020, yenye nguvu farasi 204 na torki ya nyutoni-mita 500.

Muuzaji atapenda ulijaribu gari ukiwa peke yako, kwenye barabara iliyonyooka. Mwombe mlima, na uje na familia nzima.