Itifaki ya Strong kwa anayetafuta maana ya jina: inafaa, ila ina mitego

Itifaki ya Biblia ya James Strong, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana, ilitoka mwaka 1890. Haki zake za uchapishaji zilikwisha zamani, kwa hiyo unaipata bure mtandaoni. Kitabu chenyewe ni kizito na maandishi yake ni madogo mno, simu inatosha.

Mtego wa kwanza ni tahajia. Itifaki hii inafuata Biblia ya Kiingereza ya King James, hivyo ukiandika Samweli hupati kitu, andika Samuel. Eliya ni Elijah katika Agano la Kale, lakini katika Agano Jipya ni Elias. Yohana ukimtafuta kwa John unatua G2491, yaani upande wa Kigiriki (Strong hulipa kila neno la asili namba: G ni Kigiriki, H ni Kiebrania). Usiishie hapo. Soma panapotajwa asili ya jina, nawe utaelekezwa H3110, jina la Kiebrania lenye maana ya kufadhiliwa na Yehova.

Sasa Samweli, H8050. Strong analijenga kwa H8085, *shama*, kusikia, na H410, *El*, Mungu, kisha anatoa maana: "aliyesikiwa na Mungu". Baada ya alama ya nukta mbili na kistari huja orodha ya maneno. Hiyo si maana ya jina, ni jinsi King James ilivyoliandika tu, na wengi huinakili wakidhani ndiyo tafsiri.

Hapa ndipo kazi ya Strong inapolegea. *Shama* huishia na herufi ya Kiebrania iitwayo ayin, na Samweli kwa Kiebrania ni shin, mem, vav, alefu, lamedi: ayin haimo. Mtazame Ishmaeli (H3458), "Mungu husikia": ayin ipo. Simeoni (H8095) vilevile. (Anayejua Kiarabu atautambua mzizi huo katika *samia*, na jina katika Ismaili.) Ndiyo maana wataalamu wengi huona mwanzo wa Samweli ni *shem*, jina: "jina la Mungu" au "jina lake ni Mungu". Tena 1 Samweli 1:20 inaongeza utata, kwani Hana anasema alimwomba kwa BWANA, na kitenzi chake ni *shaal*, ambacho kwa herufi kinakaa vizuri zaidi kwenye jina la Sauli. Mabishano haya yote Strong hayagusi.

Kwa kupata namba, mzizi na mistari, ni chombo bora. Kwa kuamua maana, fungua pia kamusi ya Kiebrania ya Brown, Driver na Briggs ya 1906, nayo ni ya bure na tovuti nyingi zimeiunganisha na namba zilezile. Hasa kama unataka kuchonga kibao cha mtoto anayeitwa Mariamu: H4813 itakupa "kwa uasi", bila kudokeza kwamba wapo wanaolihusisha jina hilo na neno la Kimisri la kale lenye maana ya mpendwa.